Miti ya maua yenye kunukia Nyunzu: namna ya kuipanda, kuilinda, na ile yenye sumu

Wakaaji wengi wa Nyunzu wanapenda kuwa na mti wa maua yenye harufu nzuri kwenye parsele, lakini wengi wanaupoteza mwaka wa kwanza ao wa pili. Mara nyingi wanasema ni jua. Kumbe jua ndilo miti hii inapenda. Kinachoiua ni mambo mengine: maji mengi kwa wakati usiofaa, mbuzi, moto wa kiangazi, na panga la mtu aliyefikiri mti umekufa wakati ulikuwa umelala tu.

Habari hii inaeleza miti gani inafaa katika joto la Nyunzu na la majirani zake Kabalo, Kongolo, Manono na Kalemie, namna ya kuipata bila kutoa franka nyingi, na miti gani inanukia vizuri lakini inaweza kuua mtoto.

Mvua na kiangazi

Wilaya ya Nyunzu inapitiwa na mto Lukuga, ule unaotoa maji katika Ziwa Tanganyika na kuyapeleka Lualaba. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na reli inayotoka Kalemie inateremka kupita Nyunzu mpaka Kabalo. Kwa hiyo Nyunzu iko chini sana kuliko Bukavu ao Goma, na joto lake ni la nchi ya chini. Usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 unaweza kuwa na baridi kidogo, lakini si baridi ya kuumiza miti ya nchi za joto.

Kinachotenganisha miti ni kiangazi. Mvua inaanza karibu mwezi wa 10 na kuisha mwezi wa 4 ao mwanzo wa mwezi wa 5. Kisha inakuja miezi minne mpaka mitano bila mvua ya maana. Hapo miti inagawanyika makundi mawili. Kuna ile inayolala: inatupa majani na kungoja. Na kuna ile isiyolala, inayotaka maji mwaka mzima. Mwenye kujua mti wake ni wa kundi gani amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Franjipani: mti wa kuanza nao

Kama mtu ana nafasi ya mti mmoja tu, franjipani ndiyo ya kwanza kufikiria. Asili yake ni Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Jina lake la kisayansi, Plumeria, linatokana na Charles Plumier, mtawa Mfaransa aliyechunguza mimea ya visiwa vile na kufa mwaka wa 1704. Leo mti huu unapatikana karibu kila nchi ya joto duniani, kwenye nyumba, makanisa, hekalu na makaburi.

Franjipani ni rahisi kutambua. Matawi yake ni manene na laini kama vidole vilivyovimba, na yakikatwa yanatoa utomvu mweupe kama maziwa. Maua yana petali tano nene, yanatoka kwenye ncha za matawi. Kuna aina mbili za kawaida. Ya kwanza ina majani yenye ncha kali, na maua yake yanaweza kuwa meupe yenye kati ya manjano, ya waridi ao mekundu. Hiyo inatupa majani yote wakati wa kiangazi. Ya pili ina majani yenye ncha ya mviringo, yanayong'aa, na maua meupe. Hiyo inabaki na majani sehemu kubwa ya mwaka. Mti ukiachwa unafika mita 5 mpaka 8, lakini unakubali kukatwa na kubaki mfupi.

Harufu yake inazidi usiku, na kuna sababu. Franjipani inaita vipepeo vya usiku ili vibebe chavua kutoka ua moja mpaka lingine. Kipepeo kinakuja kutafuta asali ndani ya ua, lakini ua la franjipani halina asali. Kinadanganywa, kinaenda kwenye ua la pili, na kazi ya mti imefanyika.

Namna ya kupanda franjipani kwa tawi

Mwenye kujua kupanda muhogo anajua karibu yote. Anakata tawi, analiweka udongoni, linatoa mizizi. Lakini kuna tofauti moja, na hiyo ndiyo inayoangusha watu: kijiti cha muhogo hakihitaji kungoja kidonda kikauke, tawi la franjipani lazima lingoje.

Kazi inakwenda hivi. Mwisho wa kiangazi, mwezi wa 8 ao wa 9, wakati mti hauna majani, mtu anaomba tawi kwa jirani. Anachagua tawi gumu la rangi ya kijivu, si ile ncha changa ya kijani, lenye urefu wa sentimita 30 mpaka 50. Analikata kwa kisu kisafi. Utomvu ukitoka, anajihadhari usiingie machoni, sababu unawasha. Ukigusa ngozi, unaoshwa kwa maji na sabuni.

Tawi linawekwa kivulini, mahali pakavu penye hewa, wiki moja mpaka mbili. Kidonda kinakauka na kufunga. Tawi linaweza kukunjamana kidogo, na hilo si kosa. Kisha linapandwa sentimita 10 tu ndani ya udongo wenye mchanga, likishikiliwa na kijiti ili upepo usilitikise. Linamwagiwa maji mara moja siku ya kupandwa, basi. Baada ya hapo mpandaji anangoja mpaka majani ya kwanza yatoke. Mizizi inahitaji karibu wiki 6 mpaka 8.

Hapo ndipo huruma inaua mti. Mtu anaona kijiti kikavu, anakisikitikia, anakimwagia maji kila asubuhi. Tawi lisilo na mizizi haliwezi kunywa. Linaoza kutoka chini, linakuwa laini na jeusi. Kama tawi likibonyezwa kwa kidole linabaki gumu, bado liko hai, hata kama halijatoa jani lolote.

Tawi linaweza kutoa maua mwaka wa kwanza ao wa pili. Mbegu pia inaota kirahisi, lakini inachukua miaka mitatu ao zaidi mbele ya kutoa maua, na rangi yake inaweza kuwa tofauti na ya mama yake. Kwa hiyo mwenye kupenda ua fulani anaomba tawi, si mbegu.

Ugonjwa wa kawaida ni kutu ya majani: chini ya jani kunaonekana vumbi la rangi ya chungwa, kisha majani yanaanguka. Mti haufi juu ya hiyo. Majani yaliyoanguka yanakusanywa na kuchomwa mbali na mti, na matawi yanapunguzwa ili hewa ipite.

Mlangilangi, na somo la Komoro

Mlangilangi, ambao Wafaransa wanauita ylang-ylang, unatoka Asia ya Kusini-Mashariki, upande wa Ufilipino na Indonesia. Maua yake yana petali ndefu zinazoning'inia. Yanatoka yakiwa ya kijani, na baada ya wiki mbili ao tatu yanageuka manjano, na hapo ndipo harufu inajaa kabisa. Kwenye pwani ya Waswahili, Mombasa na Zanzibar, wanawake wanachanganya langilangi na yasmini, kilua na rehani kutengeneza kikuba, kifungo kidogo cha maua na majani ya kunukia kinachovaliwa wakati wa sherehe. Maua yanawekwa pia kati ya nguo zilizokunjwa, ao yanalowekwa ndani ya mafuta ya nazi ya kupaka nywele.

Mlangilangi ni wa kundi la pili: haulali. Unataka joto, udongo mzito kiasi, na unyevu mwaka mzima. Nyunzu unafaa kwenye parsele iliyo karibu na maji, kwenye bonde lisilokauka haraka, ao mahali maji ya kuoshea yanakopita kila siku. Kwenye mlima wa kokoto mbali na kisima, ni kazi bure.

Unapandwa kwa mbegu. Mbegu inachelewa, mwezi mmoja mpaka miwili, kwa hiyo mpandaji asivunjike moyo. Mche unakuzwa ndani ya sashe ndefu, sababu mzizi wake mkuu unashuka moja kwa moja na hautaki kuvunjwa. Wakati wa kuhamisha, sashe inapasuliwa pembeni, na udongo unabaki mzima umeshika mizizi. Mti ukiachwa unapita mita 10 haraka. Kwa hiyo wakulima wa Komoro wanakata ncha mapema na kuinamisha matawi, ili mti ubaki na kimo cha mtu kuchuma bila ngazi.

Visiwa vya Komoro ni kati ya wazalishaji wakubwa wa mafuta ya langilangi duniani. Mafuta haya yanaingia katika manukato ya bei kubwa, Chanel No. 5, iliyotoka Paris mwaka wa 1921, ina langilangi ndani yake. Maua yanachumwa asubuhi mapema na kuchemshwa kwa mvuke siku ileile. Kilo 100 za maua zinatoa kilo 2 hivi za mafuta, na yale yanayotoka saa za kwanza ndiyo yenye bei ya juu.

Lakini Komoro wanatoa somo lingine pia. Kuchemsha maua kunachukua saa nyingi, na moto unakula kuni nyingi. Kwenye kisiwa cha Nzwani, kazi ya mafuta ni moja ya sababu zilizomaliza msitu. Kwa wilaya kama Nyunzu, ambako makala yamekwisha kula miti mingi, hilo ni jambo la kufikiri. Mtu asipande mlangilangi kwa ndoto ya kuuza mafuta bila kuwa na chombo cha kuchemshia, kuni na mnunuzi. Mti mmoja ao miwili kwa furaha ya nyumba, hiyo inatosha.

Miti inayonukia na kulisha

Familia nyingi zina parsele ndogo, na kila mita inahesabiwa. Mama mwenye watoto sita ana haki ya kuuliza: harufu tutakula? Jibu ni kwamba kuna miti inayofanya kazi zote mbili.

Mchungwa, mlimau na mndimu vina maua meupe ya harufu nzuri sana, hasa mvua zikianza. Mche wa grefe unaweza kuzaa mwaka wa pili ao wa tatu. Wa mbegu unaweza kungoja miaka mitano ao zaidi. Miti hii inataka maji kidogo wakati wa kiangazi cha kwanza na cha pili. Ikishika, ndimu ndiyo inavumilia zaidi.

Moringa, inayoitwa pia mlonge, ina maua madogo meupe yenye harufu nyepesi kama ya asali, na nyuki wanayapenda. Inavumilia kiangazi, inaota kwa mbegu ao kwa kijiti kinene cha mita moja, na inaweza kuchanua mwaka wa kwanza. Majani yake yanapikwa kama mboga. Inaogopa kitu kimoja: maji yanayosimama.

Tena kuna mti wa porini ambao wengi wanapita bila kuuangalia: gardenia ya savana. Unaota katika savana zenye miti karibu Afrika yote ya joto. Ni mti mdogo wenye matawi yaliyopinda na mbao ngumu sana. Maua yake yanafunguka meupe, yananukia usiku, na kesho yake yanakuwa ya manjano. Matunda ni magumu na yanakaa juu ya mti muda mrefu. Unavumilia moto wa pori kuliko miti mingi. Kuuhamisha ukiwa mkubwa hakufai, na kwa mbegu unakua pole pole. Njia ya akili ni kuuacha pale ulipo wakati wa kusafisha parsele mpya. Mtu anayeukata leo kwa ajili ya makala anaweza kungoja miaka mingi ili kupata mwingine.

Inanukia, lakini ina sumu

Harufu nzuri si alama ya usalama. Miti mitatu inayopandwa kwenye nyumba za mashariki ya Kongo inahitaji uangalifu mkubwa.

Wa kwanza ni laurier-rose, wenye majani marefu membamba na maua ya waridi ao meupe. Sehemu zake zote zina sumu inayogusa moyo. Matawi yake hayafai kwa mishikaki, wala kwa kukoroga chakula, wala kwa kuwasha moto wa kupikia. Wa pili ni laurier wa manjano, wenye maua kama kengele na tunda la kijani lenye mbegu ngumu ndani. Watoto wanapenda kuchezea mbegu hiyo, na ndiyo yenye sumu kali zaidi. Mwenye kumeza anaanza kutapika, anaumwa tumbo, anaishiwa nguvu, na mapigo ya moyo yanavurugika.

Wa tatu ni tarumbeta, wenye maua makubwa yanayoning'inia, yanayonukia sana jioni. Unapenda zaidi baridi ya Kivu, lakini watu wanausafirisha. Mwenye kula ua ao mbegu yake anakauka mdomo, mboni za macho zinapanuka, mwili unapata joto, kisha anaanza kusema maneno yasiyoeleweka na kuona vitu visivyokuwako. Hapo watu wasikimbilie kusema ni ulozi ao pepo. Ni sumu, na mtoto anahitaji hospitali haraka, si chumba cha maombi cha kumfungia.

Kwa sumu hizi zote, hatua ni zilezile. Kutoa mabaki mdomoni na kuosha mdomo kwa maji. Kutomlazimisha mtu kutapika. Kutompa mafuta ya mawese wala dawa ya nyumbani. Kumpeleka kituo cha afya ao hospitali palepale, na kubeba jani na tunda la mti ndani ya sashe ili muuguzi ajue ni nini. Mwenye watoto wadogo afadhali ang'oe miti hii mitatu na kupanda franjipani ao ndimu mahali pake. Utomvu wa franjipani pia hauliwi, lakini hatari yake si ya kiwango kile.

Shimo, maji, mbuzi, mchwa na moto

Kwa miche ya sashe, shimo linachimbwa sentimita 50 kila upande na 50 kwenda chini. Udongo mweusi wa juu unawekwa upande mmoja, ule wa chini upande mwingine. Wakati wa kujaza, ule wa juu unachanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na kurudishwa karibu na mizizi. Samadi mbichi inachoma. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, inabaki sawa na ardhi, isifukiwe.

Umbali pia una maana. Franjipani inakaa mita 3 kutoka ukutani. Mlangilangi unataka mita 6 ao zaidi, na usikaribiane na choo wala kisima.

Maji yanabebwa na akina mama na watoto, na bido la litre 20 ni zito. Kwa hiyo inafaa kutumia maji ambayo yamekwisha kufanya kazi: ya kuosha mchele, mboga ao mikono, na yale ya mwisho ya kusuuza nguo yenye sabuni kidogo. Karibu na mche kunatengenezwa beseni ya udongo ili maji yasikimbie. Chupa ya plastiki yenye tundu dogo, iliyochimbiwa karibu na mizizi, inapeleka maji chini pole pole. Kwa mchungwa ao mlangilangi mchanga, kumwagilia sana mara mbili kwa wiki ni bora kuliko kidogo kila siku, sababu maji machache yanafundisha mizizi kubaki juu.

Nyasi kavu zinafunika udongo na kutunza unyevu, lakini zinaita mchwa. Nyasi zisiguse shina. Panaachwa nafasi ya kiganja kimoja. Wakulima wengi wanamwaga pia majivu kidogo kuzunguka shina.

Mbuzi wa Nyunzu wanatembea huru, na mche wa mchungwa usio na uzio hauna maisha marefu. Uzio wa miiba ao wa miti uliofumwa unatosha, ukifika kifua cha mtu. Unabaki pale mpaka mti upite kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili.

Moto ni adui wa mwezi wa 6 mpaka wa 9. Mwezi wa 5, nyasi zikiwa bado kijani, inafaa kusafisha mzunguko wa mita 2 kuzunguka kila mti, na njia ya mita 3 ao 4 kati ya parsele na pori.

Ardhi ni ya nani?

Kupanda mti si sawa na kupanda mahindi. Mahindi yanavunwa na kuisha. Mti unabaki, na katika desturi za mahali pengi mwenye kupanda mti anaonekana kama mwenye kudai ardhi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka wa 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, lakini vijijini ni machifu wa desturi ndio wanaogawa. Hapo ndipo mti mmoja wa maua unaweza kuzaa ugomvi mkubwa.

Katika jimbo la Tanganyika jambo hili ni nyeti. Mapigano kati ya vikundi vya Batwa na vya Baluba yaliyoanza mwaka wa 2013, na kuzidi mwaka wa 2016 na 2017, yalifukuza watu wengi kutoka vijiji vya Nyunzu, Kabalo, Manono na Kalemie. Wengine wamerudi na kukuta mtu mwingine analima. Wengine wanaishi kwenye ardhi ya kuazima. Mtu wa namna hiyo akipanda mchungwa bila kusema, mwenye ardhi anaweza kufikiri anataka kubaki milele.

Kwa hiyo neno linakuja mbele ya jembe. Mwenye kupanga ao kuazima anamuuliza mwenye parsele, mbele ya jirani na chefu wa mtaa, na wanapatana: mti ukikua, ni wa nani? Matunda ni ya nani? Akihama, anaruhusiwa kukata matawi ya kupanda? Maneno matatu yakiandikwa kwenye karatasi na kutiwa sahihi, yanazuia kesi. Tena mti haupandwi kwenye mpaka bila jirani kukubali.

Kwa asiye na ardhi ya hakika, franjipani inafaa kuliko miti mingine. Inaweza kuishi miaka miwili ao mitatu ndani ya ndoo iliyopasuka ao bido lililokatwa, lenye matundu chini. Na tawi lake likikauka vizuri linaweza kukaa wiki kadhaa nje ya udongo, ndani ya mzigo, kisha kuota mahali papya. Ni mti ambao mtu anaweza kuhama nao.

Kalenda ya mwaka

Mwezi wa 8 na wa 9: kukata matawi ya franjipani na kuyakausha kivulini, kuchimba mashimo na kuyaacha wazi.

Mwezi wa 10: mvua ya kwanza ikishuka, kupanda matawi ya franjipani na vijiti vya moringa, kuweka mbegu za mlangilangi ndani ya sashe.

Mwezi wa 11 mpaka wa 1: kuhamisha miche ya machungwa na ndimu, jioni ao siku ya mawingu.

Mwezi wa 2 na wa 3: kupalilia na kuongeza samadi. Mche unaohamishwa baada ya hapo hautakuwa na mizizi ya kutosha mbele ya kiangazi, na ule wa mlangilangi ambao bado ni mdogo unangoja ndani ya sashe mpaka mwezi wa 11.

Mwezi wa 5: kusafisha njia ya moto, kufunika udongo, kutengeneza uzio.

Mwezi wa 6 na wa 7: kumwagilia miti isiyolala, kuacha franjipani bila maji.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Franjipani imepoteza majani yote, imekufa? Kwanza ikwaruzwe kidogo kwa ukucha. Kama chini ya ganda kuna kijani na utomvu unatoka, imelala tu. Iachwe mpaka mwezi wa 10.

Mti una majani mengi lakini hautoi maua. Kwa nini? Mara nyingi uko kivulini, ao umepewa samadi nyingi. Franjipani na machungwa vinataka jua la saa sita kwa siku ao zaidi.

Eti harufu inaita nyoka? Nyoka hafuati ua. Anafuata panya na vyura, na anajificha chini ya majani makavu, kuni na mawe. Chini ya mti kukiwa safi, hakuna pa kujificha.

Bei ya mche ni ngapi? Kwa franjipani, mara nyingi ni neno zuri kwa jirani tu. Anayepewa tawi leo, mti wake ukikua, na yeye awe tayari kumkatia mwingine.